Kutega brekipointi za prosesa ndani ya keneli bila kuiangusha mashine

Katika ghala moja la katani upande wa bandari ya Tanga kuna kompyuta ndogo iliyofungwa kando ya mizani. Inaendesha Linux kwenye prosesa ya x86-64. Moduli ya keneli, yaani kipande cha msimbo kinachopachikwa kwenye moyo wa Linux, iliyoandikwa hapahapa mjini hupokea uzito kupitia mlango wa siriali na kuuhifadhi kwenye struct moja pamoja na namba ya robota. Karani anaweka robota, kioo kinaonyesha kilo 250, mara uzito unageuka sifuri na robota bado liko juu ya mizani. Ukipekua faili la moduli unakuta uzito unaandikwa mahali pamoja tu, na hapo hakuna sifuri. Ukiongeza printk (ya kuandika kwenye logi ya keneli) kila kona, hakuna hata moja inayokupa jibu.

Hitilafu ya namna hii ndiyo kazi halisi ya brekipointi za prosesa. Unaiambia prosesa yenyewe: yeyote atakayeandika kwenye anwani hii, mkamate. Ila ndani ya keneli, huyo unayemkamata huenda ameshika kufuli, amezima ukatizaji (interrupt), au yuko mlangoni kabisa mwa keneli ambako hata staki haijatulia. Ukimsimamisha vibaya, mashine nzima inakwenda chini naye. Kwa hiyo mwongozo huu unakaa zaidi kwenye usalama kuliko kwenye amri za kuandika. Nimeuandika kwa ajili ya vijana wa Ngamiani tunaosoma nao keneli jioni, na kwa kila anayejua C na aliyewahi kujenga moduli walau moja.

Kabla ya kutega chochote

Hakikisha kwanza kwamba kinachoharibika ni kumbukumbu. Kandokando ya bahari chumvi hula pini za siriali, na mizani yenyewe inaweza kutuma sifuri. Andika kwenye logi baiti zote zinazoingia kutoka kwenye waya, kisha uzilinganishe na kilichomo kwenye struct. Pale ghalani waya ulikuwa salama: baiti zilisema 250, na kumbukumbu ikasema 0. Hapo ndipo kutega kunakuwa na maana.

Jiulize pia kama anayeandika ni prosesa kweli. Kadi ya mtandao au kidhibiti cha diski kinaweza kuandika moja kwa moja kwenye RAM kwa njia ya DMA, na brekipointi ya prosesa haitaona kitu, kwa sababu inachunguza tu maandishi yanayopita kwenye kiini cha prosesa yenyewe. Kuna na hili ambalo wengi hulisahau: prosesa ya x86 hulinganisha anwani pepe, siyo anwani halisi ya RAM. Data za moduli zina anwani zao katika eneo la moduli, lakini ukurasa uleule unaonekana pia kupitia ramani ya moja kwa moja ya keneli. Mtu akiandika kupitia mlango wa pili, mtego wako wa mlango wa kwanza utabaki kimya. Kimya cha mtego hakithibitishi kwamba hakuna aliyeandika.

Kisha andaa mahali salama pa kuangukia. Usianze na kompyuta ya ghalani ambayo watu wanaitegemea kupima mzigo. Anza na QEMU, programu ya kuendesha mashine pepe, kwenye laptop yako, ukiwa na keneli ya toleo lilelile na mipangilio ileile. Iwashe kwa `-s -S`, unganisha GDB, programu ya kupekua hitilafu, kwa `target remote :1234`, na uweke `nokaslr` kwenye mstari wa kuwashia ili anwani zisihamehame. Fahamu tu kwamba ukiandika `watch` au `hbreak` kwenye GDB hiyo, mtego unashikiliwa na QEMU kutoka nje. Njia ya keneli yako ya kupokea eksepsheni, yaani mkatizo ambao prosesa hutoa mtego unapopiga, haijajaribiwa hata kidogo. Hiyo utaijaribu kwa kuendesha moduli yenyewe ndani ya mashine pepe.

Ukihamia kwenye mashine halisi, elekeza logi nje yake: `console=ttyS1,115200` kama `ttyS0` imekaliwa na mizani, au netconsole kama kuna waya wa mtandao. Keneli ikianguka, maneno ya mwisho ndiyo yenye thamani, na kioo kilichoganda huonyesha kipande tu.

Rejista zenyewe

Prosesa za x86 zimekuwa na rejista za brekipointi, zenye majina yanayoanza na DR, tangu 80386 ya mwaka 1985. DR0 hadi DR3 hubeba anwani nne, basi; nafasi ya tano haipo. DR6 inasema nini kimetokea. DR7 ndiyo inayowasha na kuzima, na inaeleza kila nafasi inatazama kitu gani na cha upana gani. DR4 na DR5 ziache kama zilivyo.

Kwenye DR7 kila nafasi ina biti mbili za kuwasha (ya ndani na ya jumla), biti mbili za aina na biti mbili za urefu. Aina 00 ni kutekeleza amri, 01 ni kuandika, 11 ni kusoma au kuandika, na 10 ni milango ya I/O endapo CR4.DE (biti ya DE kwenye rejista ya CR4) imewashwa. Kusoma peke yake hakuna kwenye x86. Urefu 00 ni baiti 1, 01 ni baiti 2, 11 ni baiti 4, na 10 ni baiti 8. Utaratibu wa urefu haufuatani, kwa hiyo uangalie mara mbili.

Tufanye hesabu ya mtego wetu: nafasi ya 0, kuandika, baiti 4. Biti ya kuwasha ya jumla ni 0x2. Biti ya 10 siku zote ni 1, yaani 0x400. Aina 01 inakaa kwenye biti ya 16, yaani 0x10000. Urefu 11 unakaa kwenye biti za 18 na 19, yaani 0xC0000. Jumla 0xD0402. Hata kama Linux itakufanyia hesabu hii, ifanye kwa mkono mara moja. Siku ukikutana na DR7 kwenye ripoti ya keneli iliyoanguka, utaisoma bila kutafuta kitabu.

Anwani lazima ilingane na urefu. Baiti 4 zianzie kwenye anwani inayogawanyika kwa 4, na 8 kwa 8.

Tofauti ya mwisho ina uzito mkubwa. Brekipointi ya amri hupiga kabla amri haijatekelezwa. Brekipointi ya data hupiga baada ya kuandika. Kwa hiyo ukikamatwa na mtego wa data, RIP (rejista ya anwani ya amri) inaelekeza kwenye amri inayofuata, na thamani ya zamani imeshapotea. Ukiihitaji, ihifadhi pembeni mapema.

Kutega kwenye Linux

Usiandike kwenye DR7 mwenyewe kwa amri ya mkusanyo (assembly) ndani ya Linux. Tangu toleo la 2.6.33 la mwaka 2010 kuna mfumo mmoja unaogawa nafasi hizi kati ya keneli, perf (ya kupima utendaji), kgdb (ya kupekua keneli) na ptrace (ya kupekua programu). Ukiupita pembeni, utafuta mtego wa mwenzako au yeye atafuta wako, na keneli itaamini jambo lisilo kweli kuhusu rejista zake.

Ndani ya moduli:

```c
static struct perf_event * __percpu *mtego;
struct perf_event_attr attr;

hw_breakpoint_init(&attr);
attr.bp_addr = (unsigned long)&mizani.uzito;
attr.bp_len  = HW_BREAKPOINT_LEN_4;
attr.bp_type = HW_BREAKPOINT_W;

mtego = register_wide_hw_breakpoint(&attr, kipokezi, NULL);
if (IS_ERR((void __force *)mtego))
        return PTR_ERR((void __force *)mtego);
```

Neno `wide` ndilo linalobeba mzigo. Kila kiini cha prosesa kina DR zake. Ukitega kwenye kiini kimoja tu, mwandishi atakayepita kwenye kiini kingine hataonekana. `register_wide_hw_breakpoint` hutega kwenye viini vyote vilivyo hai, na hukurudishia mtego wa kila kiini.

Kosa likirudi, lisome kabla ya kubadilisha chochote. -ENOSPC ni kwamba nafasi zimekwisha. Mara nyingi kuna GDB ya mtu imeacha `watch` zake kwenye programu fulani, maana nafasi nne hizohizo ndizo zinazotumiwa na programu za kawaida. -EINVAL ni anwani isiyolingana na urefu, aina isiyokuwepo, au mahali ambapo keneli imepiga marufuku. -EPERM ni kukosa mamlaka.

Kama huhitaji moduli, perf inatosha na ni salama zaidi:

```
perf record -a -g -e mem:0xffffffffc0a01050/4:w
```

Anwani hiyo ni mfano. Yako itoe kwenye `/proc/kallsyms` ukiwa root. Mimi huanza na perf kila inapowezekana, kwa sababu msimbo wake wa kupokea mtego umepita kwenye mikono mingi kuliko wangu.

Kipokezi

Hapa ndipo mashine nyingi hufia. Kipokezi chako, yaani funksheni inayoitwa mtego unapopiga, kinaendeshwa ndani ya eksepsheni, mahali popote pale, hata katikati ya msimbo ulioshika kufuli ileile unayotaka kuichukua. Kilale, mashine imekwisha. Kichukue mutex, hivyohivyo. Kiombe kumbukumbu kwa GFP_KERNEL, ombi ambalo huweza kulala, hivyohivyo. Hata spinlock ya kawaida ni hatari: aliyekamatwa akiwa ameishika, kipokezi kitaisubiri milele kwenye kiini hichohicho. printk hupona mara nyingi, lakini mtego unaopiga mara elfu kwa sekunde utaizamisha mashine kwenye maandishi yake yenyewe.

Kipokezi kizuri huchukua picha na kuondoka:

```c
#define NAFASI 64
static atomic_t idadi = ATOMIC_INIT(0);
static unsigned long picha[NAFASI][16];

static void kipokezi(struct perf_event *bp,
                     struct perf_sample_data *data,
                     struct pt_regs *regs)
{
        int n = atomic_inc_return(&idadi) - 1;

        if (n >= NAFASI)
                return;
        stack_trace_save(picha[n], 16, 0);
}
```

Kumbukumbu ya picha imetengwa mapema, hakuna kufuli, na ikijaa tunanyamaza. Kuchapa kwa `%pS` kunafanyika baadaye, kutoka kwenye faili la debugfs au wakati wa kuondoa moduli, katika mazingira ya kawaida. Mistari ya juu ya kila picha ni njia ya eksepsheni yenyewe. Iruke hadi umfikie aliyeandika.

Kwa nini staki nzima, wakati RIP moja ingekuwa nyepesi zaidi? Mizani ya ghalani inajibu. Uzito halali ulipoingia, mtego ulipiga mara moja. Sifuri ilipoingia, ulipiga mara nne mfululizo, na mara zote nne aliyeandika alikuwa `strncpy`. Jina hilo peke yake halisaidii, maana `strncpy` inaweza kuitwa kutoka sehemu mbalimbali za keneli. Mstari uliofuata chini yake ndio uliofungua fumbo: funksheni ndogo kwenye faili jingine, inayonakili namba ya robota karani anapoibadilisha. Ilikuwa inapokea kielekezi peke yake, bila ukubwa, na kunakili baiti 20. Sehemu ya namba kwenye struct ilikuwa imepunguzwa hadi baiti 16, na uzito umekaa mara tu baada yake. Kumbuka tabia ya `strncpy`: neno likiwa fupi, inajaza sifuri hadi mwisho wa idadi uliyoitaja. Baiti nne za ziada, sifuri nne, zimeandikwa moja moja, na mtego ukahesabu kila moja. Kwa sababu kielekezi hakikubeba ukubwa, hata ukaguzi wa FORTIFY_SOURCE, unaolinganisha nakala na ukubwa wa mahali inapokwenda, haukuwa na cha kulinganisha. Dawa ilikuwa kupitisha ukubwa halisi na kutumia `strscpy`.

Ile idadi ya mara nne ilitangulia kusema ukweli kabla ya majina. Ukisoma picha zako, hesabu kwanza: mtego wa baiti 4 uliopiga mara nne kwa kishindo kimoja ni nakala ya baiti moja moja, na orodha ya washukiwa inapungua hapohapo.

Jambo jingine: mtego wa x86 hupiga hata thamani iliyoandikwa ikiwa ileile iliyokuwepo. Usiuchukulie kila mpigo kuwa badiliko.

Mahali pa kutotega

Usitazame kitu ambacho kipokezi chenyewe, au njia ya kukifikia, hukigusa. Linux ya sasa, tangu 5.8 ya mwaka 2020, huzima DR7 mara tu inapoingia kwenye eksepsheni ya brekipointi na pia kwenye NMI (ukatizaji usiozuilika), kisha huirudisha inapotoka. Hilo linazuia mtego kujikamata wenyewe. Lakini ina maana pia kwamba maandishi yanayofanyika ndani ya njia hizo hayataonekana.

Toleo hilohilo lilipiga marufuku mitego ya data kwenye eneo la kuingilia la kila prosesa, kwenye GDT na kwenye TSS (miundo ya data ambayo prosesa huisoma yenyewe). Sababu iko kwenye staki. Eksepsheni ya brekipointi hutumia staki maalumu, iitwayo IST, na kila inapotokea prosesa huanza upya juu kabisa ya staki hiyo. Ikipiga tena kabla ya ile ya kwanza kumalizika, fremu ya pili inaandikwa juu ya ya kwanza. Njia ya kurudi inafutika, na hakuna msimbo unaoweza kuirudisha. Kwa upande wa brekipointi za amri, keneli inakataa sehemu zote zilizokatazwa kwa kprobes (mitego ya kiprogramu ya keneli). Ukipewa -EINVAL kwenye anwani kama hizo, usitafute mlango wa nyuma.

Kama keneli ni yako mwenyewe

Wapo kati yetu wanaoandika keneli ndogo za kujifunzia, na hapo hakuna wa kuwalinda. Fuata mpangilio huu bila kuugeuza.

Eksepsheni ni namba 1. Iwekee lango kwenye IDT (jedwali la mahali pa kupokelea eksepsheni), na uipe staki yake ya IST. Ukiingia, kitu cha kwanza hifadhi DR7 na uizime. Cha pili soma DR6, kisha uisafishe kwa kuandika 0xFFFF0FF0. Prosesa huwasha biti za DR6 lakini haikuhakikishii kuzizima, na usipozifuta, mpigo unaofuata utakuja na habari za jana. Kisha linganisha biti B0 hadi B3 na zile zilizowashwa kwenye DR7 uliyoihifadhi. Prosesa inaruhusiwa kuwasha biti ya nafasi ambayo haijawashwa, na anayeiamini DR6 peke yake atamshughulikia mtu asiyehusika.

Ikiwa ni brekipointi ya amri, washa biti ya RF, biti ya 16, kwenye EFLAGS zilizohifadhiwa kwenye staki kabla ya IRETQ, amri ya kurudi kutoka kwenye eksepsheni. Prosesa haikufanyii hilo kwa eksepsheni hii. Usipoiwasha utarudi kwenye amri ileile, itapiga tena, na utazunguka hapo hadi umeme ukatike. Mwisho kabisa rudisha DR7.

Kutega na kutegua kuna mpangilio wake pia. Unapotega, andika anwani kwanza, kisha nakala ya DR7 unayoitunza kwenye kumbukumbu, na DR7 halisi mwishoni. Unapotegua, geuza: DR7 halisi kwanza, nakala baadaye. Kwa njia hii rejista halisi haiwi hata mara moja na mtego ambao keneli haiujui, hata NMI ikiingia katikati. Linux inafanya hivyohivyo, na imeweka vizuizi vya mkusanyaji kati ya hatua hizo ili zisipangwe upya.

Usiamini kwamba ukikamatwa ukiwa na mamlaka ya keneli basi mazingira yote ni ya keneli. Mwezi Mei 2018 Windows, macOS, Linux na FreeBSD zililazimika kutoa marekebisho kwa pamoja kwa udhaifu CVE-2018-8897. Amri ya MOV SS au POP SS huahirisha mpigo wa brekipointi hadi amri inayofuata imalizike. Programu ya kawaida ilitega data inayosomwa na MOV SS, ikaweka SYSCALL au INT mara baada yake, na eksepsheni ikatokea ndani ya keneli kabla keneli haijatekeleza hata amri moja ya kujipanga. GS, rejista ambayo keneli huitumia kufikia data zake za kila kiini, bado ilikuwa ya mtumiaji. Baadhi ya mifumo ilianguka, mingine ilimpa mtumiaji mamlaka ambayo hakustahili. Kwa hiyo kipokezi chako kiangalie GS ilivyo hasa, wala kisikisie kwa kutazama CS, rejista inayoonyesha kiwango cha mamlaka.

Kutegua

Kwenye njia ya kutokea ya moduli, `unregister_wide_hw_breakpoint(mtego)` itangulie kila kitu. Ikirudi, ndipo uachie kumbukumbu na uruhusu moduli iondoke. Ukigeuza, kutakuwa na muda, hata kama ni mdogo sana, ambapo prosesa inaweza kuita kipokezi kilichokwisha kuondolewa. Pitia pia njia za makosa ndani ya funksheni ya kuanzisha: kama hatua inayofuata baada ya kutega imeshindwa, tegua kabla ya kurudisha kosa. Na kama struct iko kwenye kumbukumbu iliyoombwa kwa kmalloc, tegua kabla ya kfree, la sivyo anwani itapewa mtu mwingine na utaanza kukamata wasio na hatia.

Ukihamia kwenye ARM

Bodi ndogo za ARM ni rahisi kupatikana, na wengi mtazitumia. Kule rejista za amri na za data zimetenganishwa, na idadi yake hutegemea prosesa. Raspberry Pi 4 ina 6 za amri na 4 za data, na keneli huitaja idadi hiyo kwenye logi inapowaka. Tofauti inayouma ni hii: kwenye arm64 mtego wa data hupiga kabla ya kuandika. Ili programu isonge mbele, mtego lazima uzimwe, amri moja itekelezwe kwa hatua, kisha uwashwe tena. Linux hukufanyia hivyo ukitumia perf kwa njia yake ya kawaida. Ukisajili kipokezi chako mwenyewe, haikufanyii. Amri ileile itapiga tena na tena, na kiini hicho hakitatoka hapo. Moduli iliyofanya kazi vizuri kwenye x86 itaigandisha bodi ya ARM kwa mpigo wa kwanza. Kule tumia `perf record` yenye `mem:` na uache moduli kando.